Usukani uliokwama hauhitaji nyundo kubwa

Haya basi, niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata wiki hii. Ila nilienda nyumbani Kitale nikarudi na vidole vyeusi na kucha moja imevunjika, kwa hivyo hifadhidata itangoja. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya kodi za programu mnaweza kuruka hadi makala ijayo, sitakasirika.

Mzee wangu ana trekta aina ya Massey Ferguson 135. Mnalijua: jekundu, dogo, aina iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960. La kwetu limenizidi umri. Msimu huu usukani wake ulikuwa unacheza vibaya. Unazungusha karibu robo mzunguko kabla magurudumu hayajajua kwamba umeamua kupinda. Mvua za masika haziko mbali, shamba halijalimwa, na mwenye kuliendesha ni ndugu yangu mdogo ambaye ana watoto wawili. Viungo vya usukani ilikuwa lazima vitoke, vipya viingie.

Havikutoka.

Nieleze kidogo, maana bila hili hoja yangu haitaeleweka. Kwenye trekta hili sanduku la usukani lina mikono miwili, mmoja kila upande. Kila mkono unasukuma fimbo yake ndefu, na kila fimbo inapinda gurudumu lake la mbele. Hakuna tairodi inayounganisha gurudumu moja na jingine. Ni mpango ambao Ferguson walikuwa nao tangu yale matrekta madogo ya kijivu, na una uzuri wake, kwa sababu unaweza kutanua magurudumu ya mbele bila kuvuruga usukani. Lakini pia maana yake ni kwamba fimbo moja ikikatika, gurudumu la upande huo halina wa kulishika. Litaenda linakotaka, iwe ni shambani au barabarani ukiwa umevuta trela la mahindi.

Kila ncha ya fimbo ina kifundo chenye gololi, na kutoka kwenye gololi hutoka kigingi kilichochongoka kidogo, tuseme kama karoti fupi. Kigingi hicho huingia kwenye tundu lenye umbo hilo hilo, kisha nati hukivuta kikaze. Hapo ndipo wengi tunakosea. Tunadhani nati ndiyo inayokishika. Nati ilikivuta tu siku ya kwanza. Kinachokishika ni chuma kugandamana na chuma pande zote. Ongeza miaka 20 ya matope na kutu (na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa), unaweza kufungua nati ukaiweka mfukoni na kigingi kisitikisike.

Mzee alimwita fundi wa hapo karibu. Jamaa akatazama, akachukua nyundo ya ratili nyingi, akaanza kugonga ncha ya kigingi kutoka chini. Nikasema, "Fundi, naomba tusubiri kidogo." Akanitazama. Mzee akasema, "Wewe kijana wa kompyuta, shika tochi."

Nikashika tochi. Baada ya dakika kumi ncha ya kigingi ilikuwa imepanuka kama uyoga, thredi zimekufa, na kigingi kiko pale pale. Sasa hata kama kingetaka kutoka, kichwa kilikuwa kimenenepa kuliko tundu. Fundi akasema dawa ni kukata kwa gesi halafu kuchomelea. Mzee akamwambia aende akale kwanza.

Jambo lenyewe hufanyika hivi, na si siri, mafundi wazuri wanalijua. Kwanza trekta liinuliwe na likae juu ya magogo imara, si juu ya jeki peke yake. Pima urefu wa fimbo kutoka katikati ya kifundo kimoja hadi kingine na uandike mahali, kwa sababu urefu huo ndio unaopanga gurudumu litazame wapi. Paka mafuta ya kulainisha kutu, nenda ukalale, paka tena asubuhi. Legeza nati lakini usiitoe. Iache ishike thredi chache, ili kigingi kikifyatuka fimbo isikuangukie mguuni. Kisha usiguse kigingi kabisa. Gonga ubavu wa tundu, yaani ule mkono uliokibana. Nyundo moja nzito iegemezwe upande mmoja, nyingine igonge upande wa pili, pigo kali na fupi. Kwa kila pigo tundu linabonyea kidogo mno, linakuwa yai badala ya duara, na kigingi kinapoteza mshiko.

Ikishindikana, moto. Lakini moto kwa hesabu. Chuma hutanuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja ya joto. Tundu la milimita 30 ukilipasha digrii 200 zaidi linapanuka kama milimita 0.07. Unene wa unywele, basi, na mara nyingi unywele unatosha. Unapasha tundu, si kigingi, na huhitaji kulifanya liwe jekundu. Mkono wa usukani ni chuma kilichofuliwa na kupewa ugumu wake kiwandani. Ukiuwasha ukawa mwekundu unauondolea ugumu huo, na ukiumwagia maji ukiwa hivyo unaweza kuupasua. Na kama ulipaka ule mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya gia ambao watu wanausifu sana, weka moto mbali kabisa. Asetoni inawaka kama petroli.

Ule wetu wa kulia, nilikata uyoga kwa msumeno wa chuma, tukapaka mafuta usiku mbili, kisha mimi na ndugu yangu tukashika nyundo mbili. Pigo la tisa. Mlio wake ni "tang", huwezi kuukosea. Mzee hakusema kitu ila alienda kuleta chai mwenyewe.

Upande wa kushoto ndio ulionifanya niandike. Huko nati haikufunguka kwa sababu miaka ya nyuma mtu aliichomelea kwenye kigingi, na kigingi kwenye mkono. Zamani usukani ulikuwa unacheza, jamaa akaugandisha, mzee akalipa, trekta likaondoka. Tulipokwangua rangi na grisi tukakuta ufa mwembamba pembeni mwa ule mshono. Ndugu yangu amekuwa akiendesha juu ya ufa huo, hatujui tangu lini.

Sisi watu wa programu tunapenda kuyasifu matrekta haya ya zamani. Tunasema hayana kufuli. Tunawasikitikia wakulima wa Marekani waliozuiwa na programu kutengeneza mashine zao wenyewe, hadi jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka wa 2023 ya kuwapa haki hiyo, na mwaka wa 2025 serikali yao kuu ikaishtaki Deere mahakamani. Naunga mkono wakulima hao kwa asilimia mia. Lakini nilipolala chini ya trekta la mzee, nikitazama ule mshono, nikaona kufuli tunazozitia wenyewe. Trekta hutengenezeka kwa sababu kila kilichoingia kinaweza kutoka kikiwa kizima. Aliyechomelea kiungo cha usukani amemfungia nje kila fundi atakayekuja baada yake, na mwenye trekta hana hata mahali pa kushtaki.

Najua mtaniambia: spea ni ghali, msimu hausubiri, fundi ana njaa. Kweli. Simlaumu mtu kuchomelea bampa, kiti, au plau. Lakini vipuri vya 135 si adimu, hata vilivyotumika, na viungo vya usukani ni kati ya vile vidogo. Bei ya kifundo kimoja na siku mbili za kusubiri mafuta yapenye, dhidi ya gurudumu linalopinda peke yake kwenye mteremko. Sioni hapo pana mjadala, na fundi anayeniambia "itashika tu" hatagusa usukani wetu tena.

Mkono wa kushoto tumeuondoa wote kwenye sanduku, kwa pula, baada ya kutia alama ya tindo kwenye meno ili mpya urudi pale pale. Haufai tena. Ndugu yangu ameahidiwa mwingine Alhamisi. Mpaka hapo trekta liko juu ya magogo, na mzee amekataa kabisa mtu yeyote alishushe.