FOILI AU PEZI? USIUZE PIKIPIKI KWANZA!

Mkoa wetu unaitwa Pwani, lakini makao yake makuu ni Kibaha, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar ukiifuata Barabara ya Morogoro, na hapa hata ukipanda juu ya mnazi bahari huioni. Kisarawe nako ni yale yale: vilima, mihogo, mikorosho na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Mimi huwa nasema hili jina la Pwani tumepewa la kuuza sura tu.

Lakini wee, usicheze na ubishi wa huku! Tangu ile Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, masela wa Maili Moja wana picha moja kwenye simu zao ambayo haiishi kuzungushwa. Mtu kasimama juu ya ubao, kashikilia tanga, halafu ubao wenyewe uko hewani, haugusi maji. Wengine wanasema kompyuta hiyo. Wengine wanasema wazungu nao wana mambo yao ya usiku. Wote wanachonga tu. Kitu chenyewe kinaitwa foili, na hakina uchawi wowote.

Ubishi huu ungeishia kwenye kahawa kama siyo binamu yangu wa Kisarawe. Jamaa ana bodaboda, inamlisha yeye na nyumba nzima. Sasa anataka kuiuza, anunue ubao wa foili, avuke Unguja akafundishe watalii Paje. Mama yake, yaani shangazi yangu, kaniita: “Mwanangu, wewe si ndiye unayeandika magazetini? Basi mwandikie mwenzio, mimi hanisikii.” Haya shangazi, naandika. Na wewe msomaji mwenye ndoto kama hizo, sogea karibu.

Tuanze na mchezo wenyewe. Windisafingi ni ubao wenye mlingoti na tanga moja, na tanga lenyewe unalishika kwa mikono. Usukani hakuna. Unageuza ubao kwa kulilaza tanga mbele au nyuma na kwa kukanyaga. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles kwa wanaume, akina dada wakapata zamu yao Barcelona mwaka 1992.

Ubao wa kizamani una pezi moja nyuma, kwa chini. Waliokulia kwenye majahazi wanaujua mkuku, ule mti wa chini unaozuia chombo kisisukumwe ubavuni na upepo. Pezi linafanya kazi hiyo hiyo. Bila pezi unapeperushwa tu kama mfuko wa nailoni. Ukiwa nalo unaweza kupiga bisho hadi ukafika kule upepo unakotoka. Upepo ukikaza, ubao unateleza juu ya maji, unaruka ruka kwenye viwimbi, na mikono inawaka moto.

Sasa foili. Pale pezi lilipokuwa panafungwa nguzo ya alumini au kaboni. Kwenye mbao za Olimpiki ina sentimita kama 95. Chini ya nguzo kuna kitu kama ndege mdogo: kiwiliwili chembamba, bawa kubwa mbele, bawa dogo nyuma. Ubao ukishika kasi, yale mabawa yanafanya majini kile ambacho mabawa ya ndege yanafanya angani. Na kwa kuwa maji ni mazito kuliko hewa mara kama 800, bawa dogo tu linatosha kumnyanyua mtu mzima na ubao wake. Ukishapaa, tumbo la ubao halisuguani tena na maji. Viwimbi huvisikii, kelele hakuna, unakwenda kama umepakwa mafuta. Bomba ile mbaya!

Faida kubwa iko kwenye upepo mdogo. Baharini upepo unapimwa kwa noti (siyo zile za benki!), na noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Kwa vifaa vya kawaida, mwenye pezi anataka noti 12 au zaidi ndipo ateleze vizuri. Mwenye foili na tanga kubwa anaweza kupaa hata kwenye noti 8. Kwa pwani yetu hilo siyo dogo. Kusi ikivuma, au kaskazi ikishika zamu, wote wawili wanakula raha. Ila ikifika tangambili, upepo ukawa wa kubembeleza, mwenye pezi anabaki kaanika tanga ufukweni huku mwenye foili akipaa. Siyo kwamba foili haihitaji upepo kabisa. Marseille, mashindano ya Olimpiki ya 2024 yalipofanyika, kuna siku upepo uligoma na mabingwa wote wakakaa wakisubiri. Mwisho wa yote dhahabu zilikwenda kwa Marta Maggetti wa Italia na Tom Reuveny wa Israel.

Mpaka hapo binamu anashangilia. Asubiri kidogo, kwa sababu bahari yetu siyo ya Marseille.

Kwanza, maji yetu yanakupwa. Siku za bamvua, kati ya maji kujaa na maji kukauka tofauti inaweza kufika mita 3 hadi 4. Paje bahari inakimbia mpaka kule mwambani, na palipokuwa na maji ya shingo unapita kwa miguu. Nguzo yako ina karibu mita nzima. Ikigusa mchanga ukiwa kwenye kasi, ubao unasimama hapo hapo, wewe unaendelea na safari peke yako! Ikigusa mwamba, bawa limekwenda na mshiko wako umekwenda. Pezi ni fupi, unaweza kuchagua hata la sentimita 25, ukacheza kwenye maji ambayo mwenye foili hathubutu kuyaingia.

Pili, na hili ndilo linaniuma zaidi, kuna mwani. Paje na Jambiani akina mama wamekuwa wakilima mwani wa biashara tangu mwaka 1989. Wanakita vigingi, wanafunga kamba, wanafunga miche, kisha wanavizia maji yakipwa ili wahudumie mashamba. Huo mwani unatolewa utomvu unaoingia hadi kwenye dawa za meno, na fedha yake inasomesha watoto. Maji yakijaa, vigingi na kamba havionekani. Sasa mlete mtu juu ya bawa la kaboni lenye makali, mwendo wa pikipiki, apite hapo katikati. Atakata kamba za watu, na akikutana na mtu ndani ya maji, tusiongee. Na ule mwani unaoelea nao ukinasa kwenye nguzo, foili inapoteza nguvu na ubao unadondoka. Kwa upande wa pezi kuna aina iliyolazwa nyuma, mwani unateleza na kupita zake.

Tatu, msione pezi ni la wazee. Novemba 2015, Mfaransa Antoine Albeau alikimbia kwa ubao wa pezi mita 500 kwa wastani wa noti 53.27, karibu kilomita 99 kwa saa. Na alifanya hivyo hapa hapa Afrika, Lüderitz, Namibia, kwenye mfereji mwembamba wenye maji ya kina kifupi uliochimbwa kwa ajili ya mbio. Kwa hiyo foili ni mfalme wa upepo mdogo, lakini upepo ukichachamaa pezi lina heshima zake.

Sasa binamu, nisikilize. Paje watalii wengi wanafuata mchezo wa tiara, siyo windisafingi. Nenda kwanza ukakae wiki moja, uliza wenye shule za michezo wanaajiri watu wa kazi gani. Foili mpya na tanga lake ni maelfu ya dola, na ikivunjika bawa hakuna fundi wa Gongo la Mboto atakayekuchomelea. Ubao wa pezi uliotumika ni nafuu, unasamehe makosa, na kila utakachojifunza juu yake, kusoma upepo, kushika tanga, kupiga bisho, utakihamishia kwenye foili siku yako ikifika. Siku hiyo vaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea, maana kutoka juu ya nguzo ni kuanguka kweli, na bawa halijui kama wewe ni mwenye mali.

Halafu kuna swali ambalo kijiweni hakuna aliyeliuliza, eti unajua kuogelea? Kuogelea kwa kweli siyo kule kushika mawe mtoni. Kama hujui, basi fedha ya kwanza itoke kwenye akiba iende kwa mwalimu wa kuogelea, na pikipiki ibaki barabarani ikitafuta.

Kwa leo naishia hapa. Wa foili na wa pezi, endeleeni kubishana, ila mkiingia majini pisheni mashamba ya mama zetu. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.