Hujui kuchora? Nenda tu

Ukialikwa darasa la kuchora mwili wa binadamu, mawazo mawili yatakujia: ati hujui kuchora, na ati anayechorwa hatakuwa amevaa kitu. Nenda tu.

Hofu ya pili huisha haraka. Uliza mapema, maana kuna madarasa ambayo anayechorwa huvaa nguo zake. Hata asipovaa, ukipewa dakika moja kuchora mkao mzima kwa makaa, utapata wapi muda wa kuona haya? Utaona bega limeshuka na uzito umeegemea mguu mmoja. Basi.

Hofu ya kwanza ndiyo ngumu. Wengi wetu tuliacha kuchora shule ya msingi, siku mtu alipocheka ng'ombe wetu. Lakini kuchora hufunzwa kama hesabu. Nyoosha mkono, pima kichwa kwa penseli: mtu mzima akisimama hufika vichwa 7 na nusu hivi. Tunaoanza huchora kichwa kikubwa na mikono midogo kwa sababu tunachora tunachodhani, si tunachoona.

Faida iko hapo. Kutwa tunatazama miili iliyorembeshwa na filta za simu, kisha tunachukia yetu. Darasani kuna tumbo lenye mikunjo na goti lenye kovu, na hakuna anayecheka.

Simu iache mfukoni, picha hazipigwi. Mchoro wako wa kwanza utakuwa mbaya, na ni sawa. Usiutupe. Andika tarehe nyuma, kisha rudi wiki ijayo.