Mstari Mmoja Si Hati ya Usafi

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019 na Watanzania tukaruhusiwa kujipima VVU wenyewe, mapenzi yamepata stakabadhi. Wawili wanapangusa fizi kwa kijiti, wanakodolea macho mstari dakika 20, ukibaki mmoja tu, kondomu inaishia jalalani. "Tumepima, tuko safi."

Safi? Kwani aliyekutwa navyo ni mchafu? Na kijiti chenyewe hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili huchukua wiki kadhaa kuwakusanya. Aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mstari mmoja mnyoofu kama rula, huku damu yake ikichemka virusi na yeye akiwa hatari kuliko atakavyokuwa miezi mingi baadaye. Muda huo wahudumu wanauita kipindi cha dirisha. Jibu la kutuliza moyo linataka miezi 3 tangu ulipokanyaga waya, yaani ngono bila kinga, mara ya mwisho. Ya mwisho! Ukikanyaga mwingine katikati, unaanza kuhesabu upya.

Halafu kuna wanaokurupuka kupima asubuhi yake, wakakuta mstari mmoja, wakaagiza supu kwa furaha. Asubuhi ile kilichotakiwa ni dawa za kinga, zinazoanza kumezwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu, kisha unazimeza siku 28 bila kuruka. Supu haijawahi kuua kirusi.

Kinachoniudhi zaidi ni tunayemkimbia. Mtu anasema wazi, "Mimi natumia ARV, virusi vyangu havionekani kwenye kipimo," nasi tunaruka kama tumeona nyoka. Utafiti wa PARTNER huko Ulaya, uliotoa matokeo 2016 na 2019, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na virusi vyake vimefubazwa. Walifanya ngono bila kondomu makumi ya maelfu ya mara. Maambukizi kutoka kwa mwenza huyo: sifuri. Yeye ana vipimo vya damu vya kila mara na kadi ya kliniki. Wewe una kijiti cha juzi na kiapo cha gesti. Nani amuogope nani?

Fundi cherehani hashiki mkasi kabla hajauliza harusi ni lini. Anayegawa vijiti naye aulize: mara ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi? Jibu likiwa "juzi", aweke kijiti chini, amwelekeze mteja zilipo dawa za kinga.