Ngoma Iliyozaa Sarufi

Katika maandishi yetu, Shiva wa Wahindu aghalabu hutambulishwa kwa maneno matatu tu: mungu wa maangamizi. Nadai kwamba utambulisho huo ni finyu, na anayetaka kuupanua na aitazame sanamu ya Nataraja, yaani Mfalme wa Ngoma, ambayo mafundi wa shaba wa enzi ya Chola, kusini mwa India, waliifikisha kileleni yapata miaka 1,000 iliyopita.

Mikono yake ni minne. Wa kulia wa juu umeshika kigoma chenye kiuno chembamba, damaru, ambacho mdundo wake ndio mwanzo wa uumbaji. Wa kushoto wa juu umebeba moto uteketezao. Wa kulia wa chini umeinua kiganja kuwaambia waja: msiogope. Wa kushoto wa chini unaashiria mguu ulionyanyuliwa, kimbilio la mwenye kutafuta ukombozi. Mguu wa pili umemkanyaga mbilikimo Apasmara, alama ya ujinga na usahaulifu. Naye hakuuawa, yu hai chini ya unyayo. Nionavyo, hapo pana funzo: ujinga hauuawi siku moja ukaisha, bali hukanyagwa kila siku, na mchezaji akiacha kucheza, utasimama tena.

Wanazuoni wa Shaiva Siddhanta huhesabu katika ngoma hii matendo matano: kuumba, kuhifadhi, kuangamiza, kuficha na kurehemu. Moto ni tendo moja kati ya hayo. Kumwita mchezaji huyu mwangamizi ni sawa na kusoma kibwagizo pekee, kisha ukajigamba kwamba umelimaliza shairi.

Kwetu sisi wapenzi wa lugha, kipo kisa kingine kitamu zaidi. Mapokeo husimulia kwamba ngoma ilipokoma, Shiva alikipiga kigoma chake mara 14, na kutoka midundo hiyo yakapatikana mafungu 14 ya sauti za Kisanskriti, yale yanayoitangulia sarufi ya Panini yenye kanuni zipatazo 4,000. Si lazima tukisadiki kisa hiki kama historia ndipo tuione hekima yake: sauti ilipangwa kwa mdundo kabla ya kupangwa kwa kanuni. Mshairi anayehesabu mizani kwa vidole hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana hunikera ninapokuta "dansi ya Shiva" katika tafsiri zetu. Dansi ni mwendo wa mwili tu. Ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, ni hafla na ni ibada. Neno moja limebeba kigoma, mguu na waja kwa pamoja. Lugha nyingi hulazimika kuyagawa mambo hayo kwa maneno mawili au matatu.

Watakuwapo wa kunipinga, waseme kwamba ngoma inanuka harusi na pepo, haifai kutajwa hekaluni. Nawajibu: ngoma ya pepo huchezwa ili mgonjwa apone, na ya harusi ili nyumba mpya ianze. Neno linalojua kuponya na kuanzisha halikosi adabu mbele ya Nataraja. Tunalo, tulitumie.