MAMBO YA NYUMBANI: Gari Lenye Paa la Turubai



Kijana mmoja wa Kasoli, katika Wilaya ya Bariadi, ametuletea swali ambalo huenda wengine wakalidharau. Baba yake amemwachia gari kuukuu aina ya Land Rover lenye paa la turubai, nalo ndilo tegemeo la nyumba nzima: humpeleka mama zahanati, huenda sokoni, na wakati wa mavuno hubeba pamba. Sasa paa lavuja. Auliza, je, alitie viraka au atafute jipya?

Tumeona heri tumjibu mbele ya wote, maana magari ya namna hii yangali mengi. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na paa la nguo, na tangu hapo maturubai yake yameonekana katika njia zetu za vumbi. Tena hapana mahali panapofaa zaidi kuulizwa swali hili kuliko Kasoli. Turubai la asili hufumwa kwa pamba, na Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni nchi ya pamba. Yule kijana huinua jembe kulima kitu kile kile kinachomfunika kichwa.

Kwanza yafaa tujue turubai lazuiaje maji. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba, na zikivimba huziba matundu yaliyo kati ya mtande na mshindio. Juu yake hupakwa nta ili maji yateleze. Maturubai mengine hupakwa plastiki, na mapaa ya magari ya fahari huwa na mpira katikati ya nguo mbili. Hila hiyo ya mpira si ya jana, kwani Charles Macintosh wa Scotland aliipatia hataza mwaka 1823.

Adui za turubai ni watatu: jua, unyevu uliofungiwa, na msuguano. Jua hudhoofisha nyuzi kidogo kidogo. Msuguano hutoboa pale nguo inapolalia vyuma vya kiunzi, hasa vikiwa na kutu. Walakini adui mkubwa ni unyevu, nasi twamjua kwa hasara. Mwaka mmoja, mvua za masika zilipokatika, tulivua paa la gari letu, tukalikunja likiwa bichi, tukaliweka ghalani juu ya sakafu. Tulipolikunjua wakati wa mavuno, lilikuwa na madoa meusi ya kuvu, nalo likachanika mikononi mwetu kama karatasi. Jua halikuliua, wala mvua. Uvivu wetu wa nusu siku ndio uliolimaliza.

Basi matunzo ni haya. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini turubai likiwa kavu, maana mchanga ulioingia katika nyuzi huzikata. Likichafuka, lioshwe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, lisuuzwe hata povu liishe. Petroli na sabuni kali za unga zisiliguse, kwa sababu huondoa nta. Kisha lianikwe mpaka likauke kabisa, hata katika mapindo, ndipo likunjwe. Likianza kunywa maji badala ya kuyatelezesha, lipakwe nta upya. Dirisha la plastiki la nyuma lisifutwe kavu, bali kwa kitambaa laini chenye maji. Vyuma visuguliwe kutu na kupakwa rangi, na pale panaposuguana pashonewe kipande cha ngozi. Tena zile kamba za katani hufupaa zikilowa, basi mvua ikija zilegezwe kidogo zisije zikang'oa vitundu vyake.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mtoto wetu, lisimamishe turubai mbele ya jua ulitazame kwa ndani. Ukiona mwanga katika mishono tu, nguo ni nzima. Mpelekee fundi aishone upya kwa uzi imara usiooza. Ukiona tundu moja au mawili, tia kiraka ndani na nje. Lakini ukiona vitundu kama nyota pande zote, na ukivuta nguo kwa vidole viwili ikaachia, usipoteze fedha kwa viraka. Uzi mpya katika nguo iliyokufa hauna pa kushika.

Ukibadili, usilitupe la zamani kabla jipya halijakamilika, maana ndilo kipimo cha fundi. Mwambie aache nafasi ya kutosha, kwani turubai la pamba hurudi likilowa mara ya kwanza. Mishono ilale kama vigae, upande wa juu ukifunika wa chini, maji yasiingie. Wakati wa kulivika, anza katikati, vuta mbele na nyuma, kisha mbavuni, lisije likakaa upande.

Huenda mtu akasema, “Haya yote kwa ajili ya kitambaa?” Sivyo. Pamba ikinyeshewa njiani hupata joto, huota kuvu na kubadilika rangi, na jasho la nyumba nzima hushuka thamani. Hapo ndipo shetani humnong'oneza mtu aifiche ile iliyolowa chini, na kavu aiweke juu. Twasoma katika hadithi aliyoipokea Muslim ya kuwa Mtume s.a.w. alipita penye fungu la chakula sokoni, akatia mkono ndani, akakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa mvua. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka juu watu wakakiona, na akakemea udanganyifu kwa ukali. Vivyo hivyo auzaye gari na kulipaka rangi paa lililooza ili mnunuzi asijue.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana wetu, baba amekuachia amana. Kabla vuli haijaingia, panda juu ya gari lako, ulikague paa kwa macho na kwa vidole. Na mvua ikikatika, lianike kwanza, ndipo ulikunje.