Kukaimu Bila ya Muhuri
Mwalimu Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika mwezi wa Januari 1962, majuma machache tu baada ya uhuru, ili apate wasaa wa kukiimarisha chama cha TANU, alimkabidhi Rashidi Kawawa, aliyekomaa katika vyama vya wafanyakazi, serikali nzima pamoja na lawama zake. Nayakumbuka haya kila nionapo, katika idara zetu, mkuu aendaye likizo akimwandikia msaidizi wake barua ya kukaimu, kisha akaufungia muhuri katika mtoto wa meza na ufunguo akautia mfukoni, hata kaimu, mwenye cheo pasipo mamlaka, akabaki kuzipanga hati zisizoweza kutoka, na raia wenye haja, wengine waliokuja kutoka mbali kwa nauli ya kukopa, wakaambiwa warejee juma lijalo. Huo, kwa maoni yangu, ni udhalimu juu ya raia, na juu ya kijana atakaye kujifunza kazi pia. Mkuu mwenye hofu na aanze na safari ya siku mbili, amkabidhi kaimu muhuri mbele ya watumishi wote, na akirudi, akiona kosa, alisahihishe faraghani, asimfedheheshe mbele ya walio chini yake.