Picha za Wanyama Zisiishie kwa Wageni

Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja huziona picha za Tingatinga zimetundikwa duka baada ya duka: twiga wenye shingo zilizopindukia kimo, chui wenye madoa mfano wa maua, na ndege wenye rangi ambazo hakuna ndege aliyejaliwa kuwa nazo. Wageni huzinunua na kwenda nazo kwao. Biashara hiyo ni halali, nayo inalisha nyumba nyingi. Lakini yatupasa kujiuliza: sisi wenye nchi, picha hizi zinatufaa nini?

Muasisi wa sanaa hii, marehemu Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, bila kusomea chuo chochote cha sanaa, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amekwisha kuacha wanafunzi. Wanyama wake hawakuwa nakala ya wanyama wa porini. Walipita kwanza katika fikra zake, wakatoka wakiwa na uhai mpya.

Hata hivyo, soko likishika usukani, mchoraji huchora kile akitakacho mnunuzi. Ndiyo maana simba na tembo wamejaa tele, na viumbe wetu wengine hawana wa kuwachora. Katika misitu ya Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, yuko kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa huko walimjua kwa jina. Wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilionyesha kuwa hawazidi sana 1,100. Jirani na hapo ni uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Viazi vya okidi za nyanda hizo vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa mpaka kwenda Zambia kuliwa. Ni watoto wangapi wa Mbeya waliopata kuona japo picha ya kipunji?

Ndugu zetu wa Pemba wanaweza kutufundisha jambo hapa. Popo wakubwa wa kisiwa hicho, wasiopatikana penginepo duniani, walikuwa wamepungua hadi elfu chache mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanavijiji walielimishwa, wakaunda vikundi vya ulinzi, na kufikia mwaka 2007 popo hao walikaribia 20,000. Mtu hukilinda kile anachokijua kuwa ni chake. Na kwa mtoto, njia fupi ya kukijua kitu ni kukiona, kisha kukichora kwa mkono wake.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa maafisa wa utamaduni, elimu na maliasili, Bara na Visiwani. Maonyesho ya wachoraji wetu yasikomee Dar es Salaam na Mji Mkongwe. Yapelekwe Iyunga, mjini Mbeya, penye shule kongwe ya ufundi, na wachoraji waombwe kuchora kipunji na maua ya Kitulo. Yapelekwe pia katika shule zilizo karibu na msitu wa Jozani, na kima punju wa Unguja apewe nafasi yake ukutani. Wanafunzi wapewe rangi, wala wasiwe watazamaji tu.

Wako watakaosema kwamba shule zina upungufu wa madawati, na picha zingoje. Upungufu huo tunaujua, wala hatuudharau. Lakini ukuta wa darasa upo tayari, na makopo machache ya rangi si mzigo wa kuishinda halmashauri. Tingatinga mwenyewe hakuanza na zaidi ya hayo.

Msitu ukikatwa kwa kuwa waliouzunguka hawakufundishwa thamani yake, picha zilizobaki katika nyumba za wageni ng'ambo hazitaurudisha. Wahusika wasingoje hadi hapo.